Chai ya Bi Zena na Kidole cha Bibi Harusi

Asubuhi moja ya mwezi wa sita naikumbuka mpaka leo, mwanangu, kwa sababu ndiyo asubuhi niliyomharibia binti wa watu kidole cha pete, zikiwa zimebaki siku tatu tu avalishwe hiyo pete. Kaa vizuri. Simu iweke chini. Kucha zako nimeshaziona, ni nzuri, hazitakimbia.

Nimesikia umenunua mashine ya kusagia kucha na unataka kupanga chumba pale karibu na stendi. Hongera. Lakini kabla hujaichomeka kwenye umeme nisikilize mimi, ambaye darasa la saba sikulimaliza, ila hiyo mashine niliishika wewe ukiwa bado unanyolewa nywele na mama yako.

Nilikuwa kijana wakati huo. Si kijana kama wewe, watoto wawili nilikuwa nao tayari, lakini kijana bado: mwenye haraka, mwenye kujiona. Nilijifunza kazi kwa Bi Zena, mwanamke wa Kabwe, kule ziwani. Alikuwa mtu mzima, mnene wa mwili, na mdomo wake haukupumzika. Kucha alijifunzia huko huko kwenye biashara za ziwa, kwa wanawake waliokuwa wakija na meli, kisha akapanda huku juu akapanga chumba Sumbawanga mjini. Baridi yetu hakuipenda hata siku moja. Alivaa sweta mbili na kitenge juu yake, akatusema tukiwa tumekaa hapo hapo.

"Nyie watu wa huku juu mna baridi mpaka kwenye ulimi," alikuwa akisema. "Mtu akikanyagwa mguu, badala ya kupiga kelele anasema ahsante."

Tulicheka. Alikuwa mtani wetu, tukamwachia utani wake.

Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kugusa mashine. Nilifagia vumbi la kucha, nilichemsha chai, nilisugua vile vichwa vya chuma vinavyochomekwa mbele ya mashine, wenyewe tunaviita biti. Nilikasirika sana. Niliona nimekuja kujifunza kucha nimegeuzwa mfanyakazi wa ndani. Mwezi wa pili akachukua vijiti, akabandika kucha za plastiki kwenye ncha zake kwa gundi, akanipa.

"Saga hizo."

Nikasaga. Akatazama kidogo, akanipiga begani na kijiti.

"Leokadia, bega! Nani kakwambia unasaga ulezi?"

Mwanangu, wewe ulezi unaupeleka mashineni kwenye ndoo na kurudi na unga. Mimi nimekulia kwenye jiwe. Unapiga magoti, unashika jiwe dogo kwa mikono miwili, unalilalia jiwe kubwa kwa uzito wa mwili wako wote, kwenda na kurudi, mpaka mgongo unasema basi. Msichana aliyesaga bila kukandamiza aliambiwa mvivu, na unga wake ukarudishwa jiweni mbele za watu. Sasa mwili uliofundishwa hivyo ukiambiwa "saga", unajua kusaga kwa namna moja tu.

"Neno lenyewe ndilo baya," Bi Zena akasema. "Wangeiita kupangusa. Hii mashine inasaga yenyewe. Kazi yako wewe ni kuizuia isisage sana."

Nikaitikia ndiyo. Kuitikia nilikuwa hodari.

Jambo jingine lilikuwa chai. Kila mteja aliyeingia kwa Bi Zena, kabla hajaonyeshwa hata rangi, alipewa chai kwenye kikombe cha bati, ya moto, haina maziwa. Bi Zena alimwambia akishike kwa mikono miwili. Kisha alikaa akimwangalia, anapiga soga, mpaka mteja mwenyewe aseme, "Ah, ya moto hii!" na kukiweka chini. Ndipo alipovuta kiti na kuanza kazi. Wengine hata hawakuinywa. Mimi niliona ni ukarimu wa watu wa ziwani, na kupoteza sukari.

Sasa Jumatano moja Bi Zena alikwenda Namanyere kumwona dada yake aliyejifungua. Akaniachia chumba na maneno machache. Nikate kucha, nitumie tupa ya mkono, nipake rangi. Mashine nisimguse nayo mtu yeyote.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bi Zena."

Haikupita hata nusu saa, mlango ukagongwa. Wakaingia wawili, mama mtu mzima na binti. Walikuwa wametoka Milepa, kule chini bondeni, kabla hakujapambazuka, wamekaa nyuma ya gari la mizigo mpaka huku juu. Unajua mwenyewe kule bondeni joto lake. Binti alivaa gauni jepesi na khanga moja. Vidole vyake vilikuwa vimegeuka rangi kama majivu, na midomo ilikuwa inatetemeka.

"Shikamoo mama," nikamsalimia yule mkubwa.

"Marahaba. Wewe ndiye wa kucha?"

"Ndiye mimi."

Hapo ndipo nilipoanza kukosa, mwanangu, kabla hata sijashika kitu. Ningesema "mimi najifunza, mwenyewe hayupo", yaliyofuata yasingefuata.

Yule mama alikuwa shangazi wa binti. Binti aliitwa Skola, na Jumamosi alikuwa anaolewa hapa hapa mjini. "Mfanyie upesi," shangazi akasema. "Gauni tunakwenda kulijaribu, viatu bado, na gari letu linashuka saa nane. Nataka wakwe wakimwona mikono waseme huyu katoka nyumba ya watu."

Nikatazama birika. Lilikuwa bado halijachemka. Nikasema moyoni, hawa wana haraka, chai ya nini. Nikamketisha Skola, nikashika mkono wake, ulikuwa wa baridi kama samaki. Kucha zilikuwa za binti wa shamba la mpunga: nene, zina mistari, pembeni zimepasuka. Tupa ya mkono ingezitengeneza taratibu, kwa nusu saa zaidi. Lakini mimi nilitaka zing'ae kama kioo. Na mashine ilikuwa pale mezani, imefunikwa kitambaa.

Nikaifunua. Mbele yake kulikuwa na kile kijikofia cha msasa mkali, kile cha kuondolea kucha za bandia. Kilikuwa kimetumika kwa mteja wa jana yake, nami ndiye niliyesahau kukitupa. Sikukibadilisha. Nikawasha.

Nilipoanza nikamwuliza kama inavyotakiwa. "Inauma?"

"Hapana, dada. Endelea tu."

Kidole cha pili. "Inauma?"

"Haiumi."

Shangazi akacheka. "Wala usijisumbue kumwuliza huyo. Huyu ameshafundwa. Tumekaa naye wiki nzima tunamwambia, mwanamke wa kwetu halalamiki ovyo ovyo."

Skola akainamisha kichwa. Nikafurahi. Nikaona nimepata mteja mzuri, si kama wale wa mjini wanaoshtuka ukiwagusa. Nilipofika kidole cha pete cha mkono wa kushoto nikajiambia, hiki ndicho kitakachotazamwa na kanisa zima. Nikashusha bega. Mwanangu, nililalia kile kidole kama niko jiweni kwa mama yangu. Nikasikia harufu kama ya pembe iliyoungua, nikadhani ndiyo kazi inakwenda. Nikapeleka msasa mpaka kwenye shina la ukucha nisafishe na ngozi. Ukateleza. Tone la damu likatoka, dogo kama kichwa cha sindano.

"Pole," nikasema.

"Haina shida, dada."

Nikapangusa na pamba, nikapaka rangi juu yake. Rangi ilifunika kila kitu. Mikono ilikuwa mizuri kweli, siwezi kusema uongo. Shangazi akaigeuza huku na huku, akasema nina mkono mwepesi. Wakaenda zao, nami nikakaa kwenye kiti cha Bi Zena nikanyoosha miguu.

Bi Zena alirudi Alhamisi jioni. Akaniuliza habari za kazi, nikasema nzuri. Mashine sikuitaja.

Ijumaa, jua limeshapanda, mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi. Alikuwa shangazi, amemvuta Skola kwa mkono wa kulia.

"Mkono mwepesi, eh? Njoo uuone mkono wako mwepesi!"

Skola mkono wa kushoto aliuficha ndani ya khanga. Kumbe tangu Jumatano usiku aliuficha hivyo hivyo. Alipikia mkono mmoja, alilala ameuinua, na hakumwambia mtu, mpaka asubuhi ile shangazi alipotaka kumpima glavu za harusi. Akautoa. Kidole cha pete kilikuwa kimevimba kuanzia shina la ukucha, chekundu, ngozi imevutika inang'aa kama ya nyanya.

Bi Zena hakupiga kelele. Alikiangalia bila kukigusa. "Nani kafanya hivi?"

Ningeweza kusema amejikwaruza shambani. Mdomo wangu ulikuwa tayari. Lakini Skola alikuwa ananitazama, naye hakusema neno, na kule kunyamaza kwake kukanishinda.

"Mimi," nikasema. "Kwa mashine. Nilitaka zing'ae."

"Chai ulimpa?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu kidole kimevimba, yeye anauliza habari za chai.

"Sikumpa. Walikuwa na haraka."

Akafumba macho kidogo. Kisha akamgeukia shangazi, akamwomba radhi kama ni yeye aliyekosa, akafunga chumba, tukaenda wote wanne zahanati kwa miguu.

Muuguzi alitoa rangi kwanza. Mwanangu, chini yake ukucha ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu, katikati una alama nyekundu pale moto ulipopita. Akasema jeraha la kwenye shina limeingia uchafu. Akakisafisha, akampa dawa, akakifunga, akamwonyesha namna ya kukiloweka kwenye maji ya vuguvugu. "Mngengoja mpaka baada ya harusi mngeniletea usaha," akasema. "Na pete kwenye kidole hiki, hapana. Mpaka uvimbe uishe."

Shangazi akakaa kwenye benchi, akaanza kulia. "Kesho padre ataita pete. Watu wa mume watasema tumewaletea binti mwenye kasoro. Nitasema nini mimi?"

Skola alikuwa anatazama sakafu. Hata hapo hakusema inauma. Na ilikuwa inauma, maana niliona jasho kwenye paji la uso wake, katika ile baridi.

Tuliporudi chumbani nilijua nafukuzwa. Nikaanza kukunja khanga yangu. Bi Zena akaniambia niache, nilete beseni la maji ya bombani. Unayajua maji ya bomba ya mwezi wa sita. Akaniambia nitumbukize mikono. Nikaiacha humo mpaka vidole nikawa sivihisi. Akaikausha yeye mwenyewe kwa taulo, akachukua mashine, akaweka biti laini kuliko zote, spidi ya chini, akapitisha kwenye ukucha wa kidole gumba changu, mara moja, mara mbili, mara tatu pale pale.

"Inauma?"

"Hapana."

"Joto unalisikia?"

"Sisikii kitu."

Akaweka mashine chini, akanimiminia chai kwenye kikombe cha bati. "Shika. Mikono miwili. Usikiachie mpaka nikwambie." Nikashika. Mwanzoni kilikuwa kama kikombe kitupu. Baadaye kidogo vidole vikaanza kuchoma choma, kisha nikakiachia mwenyewe kabla hajaniambia. Akanivuta kidole gumba, mashine ile ile, biti ile ile, spidi ile ile. Alipopita mara ya pili nikavuta mkono.

"Eeh!" nikasema. "Linachoma!"

"Umeona sasa." Akaizima. "Kidole ni kile kile. Ulimsaga binti ambaye vidole vyake vilikuwa vimelala, na mdomo wake ulikuwa umefungwa na shangazi yake. Nani angekwambia uache? Chai yangu wewe uliidhani soda ya wageni. Mimi nimekuja kwenye mji wa watu wenye ganzi mikononi na aibu mdomoni, nifanyeje? Mtu akisema kikombe cha moto, najua vidole vyake vimeamka. Na akishasema neno moja la kulalamika, hata kama ni juu ya chai, la pili halimpi shida."

Sikuwahi kufundishwa jambo hivyo, na kama shuleni wangenifundisha hivyo labda ningemaliza.

"Hujafukuzwa," akasema. "Ila kesho utakwenda kanisani, na mama wa bwana harusi utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla ya misa. Shangazi mtu asibebe aibu isiyo yake."

Sikulala vizuri. Jumamosi nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda. Nilimkuta mama mkwe uani kwa kanisa, kazungukwa na wanawake wa ukoo. Nikapiga magoti nikamsalimia, nikamwambia: binti yenu hana kasoro, kidole chake nimekiharibu mimi kwa mashine, nilikuwa najifunza na sikusema. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Na umevaa vizuri hivyo kuja kuniambia hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nimesikia. Ingia, usitusimamie mlangoni."

Basi. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nikaenda nikakaa benchi la nyuma, karibu na shangazi, ambaye alisogea kidogo kunipa nafasi lakini hakunitazama.

Ikafika saa ya pete. Shangazi alikuwa amemnong'oneza padre mapema habari za kidole, lakini padre alikuwa na harusi nne siku ile, nadhani lilimtoka kichwani. Akamwambia bwana harusi achukue mkono wa kushoto. Yule kijana alikuwa na woga wa kwake, akaona bandeji akadhani ni pambo la kina dada. Akaisukuma pete. Ikagoma. Akaisukuma tena, kwa nguvu za mtu anayeogopa kuchekwa. Nikaona mgongo wa Skola unakakamaa ndani ya lile gauni. Nikashika benchi la mbele. Nilimjua. Angenyamaza. Angeacha isukumwe mpaka ipite, na kidole kife.

"Inauma," Skola akasema.

Hakupaza sauti. Lakini kipaza sauti alichoshika padre kilikuwa pale pale kifuani pa binti, na neno likatoka kwenye spika zote, likajaa kanisa mpaka nje kwenye maturubai. Inauma.

Bwana harusi akaachia. "Pole," akasema, nalo likasikika. "Sikujua."

"Sasa umejua," Skola akamjibu.

Mama mmoja wa ukoo wa mume, mzee kabisa, akapiga kigelegele. Sijui alidhani ni sehemu ya ibada au alifurahi tu. Wengine wakapokea. Padre akacheka mpaka miwani ikashuka, akasema mkono wa kulia nao aliuumba Mungu yule yule, pete ikavalishwa upande wa pili na misa ikaendelea. Shangazi alikuwa amejifunika uso na khanga. Nikadhani analia tena. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikamtazama vizuri, kumbe anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Wiki nzima tunamfunda," akaninong'oneza. "Wiki nzima!"

Ukucha ule ulichukua muda mrefu kuota ukawa ukucha tena. Skola mpaka leo ni mteja wangu, na siku hizi anakuja na binti zake, na ukimgusa vibaya anakwambia papo hapo, mbele ya watu. Bi Zena alinirudisha kwenye vijiti miezi mitatu. Sikukasirika safari hiyo.

Sasa nisikilize, maana nimekuita kwa hili.

Mashine yako usiiogope, lakini usiilalie kwa bega. Ishike kama kalamu, ukikandamiza umekosea. Spidi iwe ya chini mpaka mkono wako uzoee, na hata ukizoea usiipandishe kwa sababu una foleni. Isitulie mahali pamoja hata kidogo, ipite na kuinuka, ipite na kuinuka, kwa sababu ikikaa inazaa moto, na moto wa ukucha unakwenda ndani usikokuona. Ilaze ubapa, usichimbe na ncha. Msasa mkali ni wa kucha za bandia na rangi nene ya jeli, kwenye ukucha aliozaliwa nao mtu usiupeleke. Ukucha wa mtu hauhitaji kusagwa mara nyingi, tupa ya mkono inatosha, na ukitaka uwe kama kioo, hiyo ndiyo kazi ya rangi.

Kijikofia cha msasa ukishamaliza mteja mmoja kitupe mbele ya macho yake, akuone. Biti za chuma zisugue kwa brashi na sabuni, ziloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu muda ule ulioandikwa kwenye chupa, si muda unaoutaka wewe, uzikaushe. Fungua dirisha hata kama ni baridi, na barakoa uvae, vumbi lile si unga wa kula. Nywele zako zifunge, na ncha za khanga zichomeke kiunoni. Mimi mashine ilishanila uzi wa kitenge ikanivuta mpaka nikabusu meza. Umeme ukikatika, inua mkono kwenye kidole cha mtu na uzime swichi ya ukutani, kwa sababu wetu huu ukirudi unarudi na hasira.

Mtu akija na kidonda, au ukucha umeoza, au anakwambia ana sukari na vidole havina hisia, usimguse na mashine, mwelekeze hospitali. Hujampoteza mteja. Ukimkata mtu, acha. Safisha, mwambie ukweli, na usipake rangi juu ya damu hata iwe tone moja. Rangi yangu ile ililificha jeraha siku mbili nzima.

Na usimwulize mtu wa hapa "inauma?" Atakwambia haiumi. Nimewauliza miaka yote hii, hakuna anayekubali. Mwulize, "Joto limefika?" Hilo halina aibu, atakujibu. Mtazame na miguu, kwa sababu mtu anaweza kuufundisha uso kunyamaza, lakini vidole vya miguu havijafundwa na mtu. Vikijikunja, inua mkono.

Mwisho, kama hujui, sema hujui. Ukiulizwa "wewe ndiye wa kucha?" na bado unajifunza, jibu kwamba unajifunza. Utaona haya mara moja, yataisha. Mimi niliyakwepa mlangoni nikayakuta kanisani yamevaa suti.

Nakutakia kazi, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kabla hujaambiwa na masikio ya kusikia kisichosemwa. Wanaoingia kwako wakiwa wazima watoke wakiwa wazima, na wanaoingia na huzuni watoke wamecheka. Siku utakapokosea, maana utakosea, akupe mtu wa kukukaripia bila kukufukuza. Na watakaokuja kujifunza kwako, uwakaripie hivyo hivyo.